Kipande cha Chini ya Bomba

Mjomba alikuwa amekula chumvi nyingi katika kazi ya kupima kutu, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Kila baada ya miezi mitatu alichomoa kipande cha chuma kilichoning'inizwa ndani ya bomba, akakiosha, akakiweka kwenye mizani. Uzito ukipungua, basi kutu inalila bomba. Haukupungua. Hata bomba lilipoanza kupitisha mafuta ya mimea badala ya dizeli, aliendelea kujipiga kifua, na wakubwa, kwa kuliamini daftari lake, wakapunguza dawa ya kuzuia kutu.

Mpwa wake wa kike, fundi aliyeingizwa kazini na mjomba huyohuyo, hakuwa na amani. Mafuta ya mimea hunywa maji kuliko dizeli, na maji yakijitenga hutuama chini. Kipande cha mjomba kilining'inia juu, karibu na kifuniko, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa rahisi kukichomoa. Bomba lilipita bondeni, chini ya nyumba za watu. Lakini nani amfundishe mjomba kazi? Binti akaona bora atafute ushahidi kwanza. Akatega kipande chake kimyakimya, chini kabisa ndani ya bomba, pale bondeni.

Miezi mitatu ilipotimia, alikichomoa akakileta maabara.

"Mjomba, naomba upime na hiki."

Mjomba alikigeuzageuza. Kilikuwa kimejaa vishimo kama uso wa aliyeugua ndui.

"Umekitoa wapi?"

"Bondeni. Chini kabisa ndani ya bomba."

Binti alijikaza, akisubiri kufokewa. Mjomba hakufoka. Alikipima mara mbili, akanyanyua simu, akaagiza pampu zizimwe na wakaguzi waende bondeni sasa hivi. "Kosa ni langu," aliwaambia, bila kumung'unya maneno. Kisha akakata simu.

"Ulikiweka lini?"

"Miezi mitatu iliyopita."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilishuku tu, Mjomba. Nilikuwa sitaki kukuvunjia heshima."

Mjomba alivua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la koti lake la kazi.

"Miezi mitatu watu wamelala juu ya lile bomba na watoto wao, mwanangu. Kwa ajili ya heshima yangu?"

Binti akachukua kofia yake ya kazi, akawafuata wakaguzi bondeni.