Vigae vya Chumvi

Mama yetu, Kankindi, hawezi kuona chombo kichafu akakipita. Usafi huo aliupata kambini, enzi za ukimbizi, kipindupindu kilipokuwa kikizoa watu. Tangu hapo, nyumbani kwetu Kanazi kila kilichoguswa kinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Hata alipovunjika mguu aliendelea, anaruka na gongo lake huku akituita wavivu.

Mimi ni Claudia, kifungua mimba wake. Nauza chakula Lusahunga kwa madereva wa malori, kwa hiyo kunyamaza sikujui. Nilifunga kibanda nikaja kumuuguza. Mdogo wangu Niyokwizera, tunayemwita Niyo, anayesomea shahada ya uzamivu Dar es Salaam, naye alikuja, amebeba mashine yenye ukubwa wa sanduku la nguo. Profesa wake alimruhusu kuja nayo kwa sharti moja: Jumatatu iwe kwenye basi la kurudi. Wenzake walikuwa wanaisubiri, na zamu yake ikipita, ni mpaka mwakani.

Alifanya maabara kwenye stoo ya maharage, nami sikuona haya kuuliza.

"Hivi hasa unatafuta nini?"

"Chumvi inakifanya nini kiyeyushi chake, dada."

Akanionyesha chupa ya asetoni, ile inayofuta rangi ya kucha. Humo alikuwa ameyeyusha chumvi iitwayo iodidi ya sodiamu.

"Ikishayeyuka huioni tena," akasema. "Lakini molekuli za asetoni hazitulii, zinatikisika muda wote. Nikizimulika kwa infraredi, mwanga usioonekana ila ngozi inausikia kama joto, zinameza ule unaolingana na mtikisiko wao. Sodiamu ikiikamata molekuli, mtikisiko unapungua kidogo. Mashine inaliona hilo."

"Mwenye mtoto mgongoni hachezi ngoma kama asiye na mtoto."

"Hapo umenena, dada."

Kwenye kompyuta kulikuwa na mstari wenye bonde moja refu. Alipoweka chupa yenye chumvi zaidi, pembeni ya bonde lile likachimbika jingine dogo. Hilo dogo, akasema, ni la molekuli zilizokamatwa. Nilikodoa macho. Mtoto tuliyelala naye kitanda kimoja, ameketi kati ya magunia, anajua nani kamshika nani ndani ya tone! Nilijawa na fahari.

Tone lenyewe hubanwa katikati ya vigae viwili vyangavu. Ungedhani ni kioo, lakini kioo kinaumeza mwanga ule, kwa hiyo vimetengenezwa kwa chumvi hii hii ya mezani, iliyokuzwa ikawa jiwe na kung'arishwa.

Jumapili ilibaki chupa moja, yenye chumvi nyingi kuliko zote. Katika sura ya nne ya tasnifu yake Niyo alikuwa ameshaandika itakachoonyesha: chumvi ikiongezeka, molekuli zilizokamatwa nazo zinaongezeka kwa kiwango kile kile. Kazi ilikuwa kuthibitisha tu. Tukaenda kanisani, mama akabaki. Tuliporudi tukamkuta jikoni anafuta mikono kwa kitenge.

"Vile vigae vyako vilikuwa na utando," akamwambia Niyo. "Nimevisugua vizuri."

Vilikuwa kwenye sahani, vimekonda, vimepauka, havipitishi hata mwanga wa dirisha.

Mimi nilipandisha hasira. "Mama! Kazi yote ya mtoto umeimwaga na maji ya vyombo!"

Mama hakunielewa. Akapitisha kidole juu ya kigae, akakilamba. Uso ukamshuka.

"Umunyu," akasema kwa Kirundi. Chumvi. Akaketi chini, gongo likamponyoka.

Nilijua Niyo atalia. Badala yake alichuchumaa mbele ya mama, akamshika magoti. "Hukujua, mama. Mimi ndiye sikukwambia." Kisha akanigeukia. "Dada, punguza kelele, uwashe jiko la mkaa."

Alitandika kitambaa laini juu ya kipande cha kioo, akakilowesha kwa spiriti isiyo na maji, akavaa glavu, akaanza kusugua kigae polepole, akikizungusha. Nje mvua ilikuwa inanyesha na hewa yote ni unyevu. Mama alimtazama kitambo, kisha akaomba glavu. Ningekuwa mimi nisingempa. Niyo alimpa, pamoja na kigae cha pili, na mama akasugua, jasho linamtiririka kwa hofu. Baadaye tulivipasha joto mbali na makaa, taratibu visije vikapasuka.

Mara ya kwanza mashine ilionyesha bonde pana la maji, unyevu uliobaki kwenye vigae. Wakarudia kusugua. Mara ya pili bonde likawa limetoweka. Ili awe na hakika, Niyo alipima kwanza chupa ya jana, na mstari ukaangukia pale pale ulipokuwa. Ndipo akaweka tone la chupa ya mwisho.

Akautazama mstari. Akapima tena.

"Zilizokamatwa ni chache kuliko nilivyoandika," akasema. "Chache sana. Chumvi ikishakuwa nyingi hivi, nadhani sodiamu haihangaiki tena na asetoni. Inashikana na iodidi iliyokuja nayo."

"Kwa hiyo umekosea?" mama akauliza.

"Nimekosea, mama. Sura ya nne nzima."

Nikashindwa kuvumilia. "Si useme vigae viliharibika, uache ulivyoandika? Mashine inaondoka kesho, nani atakuja kupima?"

"Dada, nimeiuliza, imenijibu kitu nisichokijua. Unataka niizibe mdomo?"

Akaifungua sura ya nne, akaichagua yote kuanzia juu hadi chini, akaifuta. Kisha akaanza kuandika upya, anacheka peke yake, machozi yanamtoka, wala hana habari tena na sisi tuliosimama pale.

Mama akanivuta mkono, akaninong'oneza kuniuliza kama mtoto ni mzima. Nikamjibu kwamba sijawahi kumwona mzima hivi.