Nani Anawalisha Samaki Hawa?

Fundi yule wa suti watu walimwita Sentimita, na jina lilimkaa. Mteja akiingia dukani na kusema anataka suruali "ya kawaida tu," alimjibu kwamba kawaida haina kipimo, asimame wima, aache kuvuta tumbo. Jikoni alitia chumvi kwa ncha ya kijiko. Hata akikasirika, alikasirika kiasi cha kutosha, halafu basi.

Mkewe, Mama Vifungo, alikuwa na meza yake upande wa mbele wa duka hilohilo, akiuza vifungo, zipu, uzi na lastiki. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na ndiyo iliyowakutanisha. Siku hizo Sentimita alikuwa kijana mwembamba anayejifunza ushonaji, akija kununua kifungo kimoja leo, kesho kimoja, keshokutwa kimoja, mpaka mama wa msichana akashindwa kuvumilia. "Huyu koti lake lina vifungo vingapi?" aliuliza. "Au anashona bahari?"

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka: sebule, chumba cha kulala, jiko na ua mdogo wa saruji. Sebuleni palikuwa na tangi la samaki ambalo Sentimita alilitengeneza kwa mikono yake mwaka ule binti yao wa pekee alipoolewa akahamia mji mwingine. Alinunua vioo, akavigandisha kwa gundi, akaviacha vikauke wiki nzima huku mkewe akimhakikishia kwamba litavuja. Halikuvuja. Akatia samaki wa dhahabu, na wengine wadogo wenye mikia kama shela, na mmoja mweusi mwenye macho yaliyotoka, ambaye Mama Vifungo alimwita Mkaguzi kwa jinsi alivyomkodolea kila alipopita na sinia.

"Nyumba ikikosa mtoto, kimya chake kinauma masikio," Sentimita alisema. "Acha hii pampu itungurumie."

Miaka ikapita hivyo, pampu ikinguruma, maji yakiwa safi kiasi kwamba wageni walidhani samaki wanaelea hewani.

Kisha maji yakaanza kubadilika. Mwanzoni ilikuwa kama mtu amedondoshea tone la maziwa. Mama Vifungo akadhani ni kioo kimechafuka, akakifuta ndani na nje. Wiki haikuisha ukungu ukawa mzito, samaki wakawa wanaonekana wakija karibu tu, kama watu katika mvuke wa bafu. Halafu ikaja harufu. Ilianza kama ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chupa, ikaishia kuwa uvundo hasa, ukapita mlango wa sebule ukaingia dukani. Mteja mmoja alijikuna pua muda wote aliokuwa akipimwa, kwa adabu.

Mama Vifungo hakuwa mtu wa kulala na uvundo. Alikunja mikono ya gauni, akawatoa samaki kwa kichujio cha chai na kuwatia ndooni, akamwaga maji yote, akaosha changarawe, akasugua sifongo la chujio kwa sabuni mpaka likawa jeupe pe. Akajaza maji ya bomba. Tangi likang'aa.

Lakini kung'aa kule kulikuwa kwa muda. Maji yalirudi meupe kuliko mwanzo, na asubuhi moja samaki wawili wenye mikia ya shela walikutwa juu ya maji, matumbo juu.

Sentimita aliwachukua kwenye kiganja akawafukia uani, ndani ya kopo la maua. Alikaa amechutama pale muda mrefu.

"Sijui nimewakosea nini," alisema. "Nawapa asubuhi tu, kidogo. Tumbo la samaki ni kama jicho lake, bibie, halizidi hapo. Ukimzidishia, kinachobaki ndicho kinachomuua."

"Hujawakosea, mume wangu. Ni maji tu."

Kesho yake Mama Vifungo alichota maji yale kwenye chupa akaenda kwa muuza samaki wa mapambo, mtu mnene mwenye sauti nyororo, ambaye kibanda chake kilijaa matangi toka chini hadi juu. Muuza samaki alifungua kizibo, akanusa, akakifunga upesi.

"Uliosha chujio?"

"Kwa sabuni. Nililisugua mpaka likatakata."

"Ole wangu, mama. Umeua walinzi." Akamweleza kwamba ndani ya sifongo wanaishi vijidudu vyema vinavyokula uchafu wa samaki. Lisioshwe kwa sabuni, likamuliwe tu ndani ya maji ya tangi lenyewe. Maji yasimwagwe yote, itolewe robo, na mapya yawe yamelala kwenye ndoo ili dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba itoke kwanza. Uchafu wa chini uvutwe kwa mpira wa maji. "Ila hayo ni ya kutibu jeraha," alisema. "Kisu ni chakula. Hiki ni chakula kilichooza. Mnawalisha kupita kiasi."

"Hapo umekosea. Mume wangu ndiye anayewalisha, na wewe humjui. Yule hata chumvi anaipima."

"Basi kuna mtu mwingine anayewalisha."

"Nyumbani tupo wawili tu."

Muuza samaki akainua mabega. "Basi mchunguze huyo wa pili."

Mama Vifungo alicheka njia nzima akirudi. Yeye, awalishe samaki! Alikuwa na kazi ya kuwakwepa, hasa yule Mkaguzi.

Siku ya mapumziko duka lilifungwa. Mama Vifungo alikaa jikoni akichambua mchele, mlango wa sebule ukiwa wazi. Alimwona mumewe akifungua kopo la chakula, akichukua punje kwa vidole viwili, akizinyunyiza taratibu, akifunga kopo. Akakaa kitini. Akanywa chai yake. Akatazama dirishani. Kisha akainuka, akaliendea tangi, akafungua kopo.

"Masikini viumbe wa watu," alisema, "leo hamjala." Akanyunyiza.

Mama Vifungo akadhani anafanya utani. "Wewe! Si umewapa sasa hivi?"

"Nani, mimi?" Sentimita aligeuka, uso wake umejaa uaminifu. "Tangu niamke sijawagusa."

"Acha mchezo wako, mzee."

"Mchezo gani tena, bibie?"

Akarudi kukaa. Mchele ulikuwa haujaisha kuchambuliwa alipoinuka mara ya tatu.

Mikono ya Mama Vifungo iliendelea kutafuta mawe, lakini macho hayakuona tena kipi ni jiwe na kipi ni mchele. Mambo ambayo alikuwa ameyatafutia sababu, kila moja peke yake, yalimjia yote kwa pamoja. Lile koti lililorudishwa likiwa na mikono miwili ya kushoto: alisema ni macho, wanunue miwani. Birika lililoungua likiwa tupu: alisema ni uchovu. Mteja wa miaka mingi aliyeulizwa "Na wewe ni nani, ndugu?": alicheka kwa sauti kubwa ili mteja adhani ni mzaha. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kwake yeye kilio kilitanguliwa na samaki.

Jioni hiyo alilificha kopo la chakula nyuma ya masufuria.

Alidhani amemaliza. Siku ya pili akakuta vipande vya mkate vikielea majini, vimevimba kama pamba. Akauficha mkate. Akakuta biskuti. Akaficha biskuti, na siku iliyofuata tangi zima lilikuwa kama uji, wali wa jana umelala juu ya changarawe, na samaki wa dhahabu mkubwa kuliko wote akitweta pembeni mwa pampu.

"Nani ametia wali humu?" Mama Vifungo alipiga kelele.

"Mimi!" Sentimita alisimama katikati ya sebule. "Nimewatilia mimi, kwa kuwa kuna mtu katika nyumba hii anawanyima chakula. Nimetafuta kopo lao kila mahali. Limefichwa! Unataka wafe?"

Katika maisha yao yote hakuwahi kumpazia sauti namna ile.

"Wanakufa kwa sababu yako!" mke akajibu. "Unawalisha, unasahau, unawalisha tena! Ni wewe unayewaua!"

Alitamani neno lile lirudi kinywani, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Sentimita alilitazama tangi, akamtazama mkewe, akalitazama tangi tena. Hasira ilimtoka yote, pakabaki hofu tupu.

"Mimi?" aliuliza polepole. "Mimi ninawafanya hivi?"

Mama Vifungo alimshika mkono, wakakaa sakafuni mbele ya tangi, wakalia wote wawili. Saa moja baadaye Sentimita alikuwa amesahau kilichowaliza. Yeye Mama Vifungo hakuweza kusahau, akaona wivu, kisha akauonea aibu wivu wake.

Walikwenda kwa daktari. Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alimwomba Sentimita achore uso wa saa, na mtu aliyekuwa akikata kitambaa bila kuchora mstari akazipanga tarakimu zote upande mmoja, zikaanguka nje ya duara. Dawa zilikuwepo, daktari alisema, za kuchelewesha. Za kurudisha hazikuwepo.

Binti yao alilia kwenye simu. Halafu, kama watoto wanaoishi mbali wanavyofanya, akatafuta kitu ambacho angeweza kukitatua. "Mama, toa hilo tangi. Mgawie mtu. Una mzigo wa kutosha."

"Silitoi."

"Mama, ni samaki tu."

"Ndicho kitu pekee anachoamkia, mwanangu. Nikimnyang'anya hicho, ataamka afanye nini?"

Akashika njia yake mwenyewe. Alitoa maji robo kwa robo, mapya akiyalaza ndooni. Alivuta uchafu kwa mpira, mara ya kwanza akameza funda moja, akatema, akatukana. Sifongo alilikamua ndani ya maji yaleyale machafu, ingawa roho yake ya usafi ilimsuta. Na kopo la chakula akalirudisha mahali pake, likiwa karibu tupu: kila asubuhi kabla mumewe hajaamka alitia ndani punje chache tu, za siku hiyo. Sentimita aliamka, akafungua, akanyunyiza. Aliporudi mara ya pili, kopo lilitoa vumbi kidogo, naye akalitikisa, akasugua vidole juu ya maji, akaridhika. Mara ya tano aliridhika vilevile. Aliwalisha mchana kutwa, na samaki wakala mara moja tu kwa siku.

Mkaguzi alikufa kabla ya maji kusafika. Mama Vifungo alishangaa jinsi alivyomlilia. Lakini wengine walipona, na taratibu ukungu ukapungua, harufu ikaisha, changarawe ikaonekana jiwe kwa jiwe. Muuza samaki alipoletewa chupa ya maji, alinusa na kupiga makofi. Alimuuliza Mama Vifungo kama alimpata yule mtu wa pili. Akasema ndiyo, alimpata.

Upande wa Sentimita mambo yalikwenda kinyume. Cherehani zilifunikwa. Mkasi mkubwa uliwekwa juu ya kabati. Sentimita alianza kuvaa shati juu ya shati, na siku nyingine akamwita mkewe "mama" kwa namna ya mtoto anayemwita mama yake.

Binti alikuja likizo. Aliingia sebuleni na mizigo yake, na baba yake akainuka kwa heshima, akampa mkono.

"Karibu, karibu sana. Njoo uwaone samaki."

Akamwongoza mpaka kwenye tangi. Akamwonyesha mmoja mmoja, yupi mkorofi, yupi mwoga, yupi anapenda kulala chini ya pampu. Maji yalikuwa safi kabisa, nuru ya dirisha ikipita toka kioo hiki hadi kile. Sauti yake ilikuwa ileile ya zamani, na binti akaanza kutabasamu, akadhani pengine mama yake alikuwa ameyakuza mambo.

"Na wewe, binti," mzee aliuliza, "kwenu mnafuga?"

Binti akamgeukia mama yake aliyesimama mlangoni. Mama Vifungo akatikisa kichwa kidogo: mjibu.

"Ndiyo, mzee," binti alisema. "Baba yangu anafuga."

"Ahaa! Basi mwambie asiwazidishie chakula. Wengi wanakosea hapo. Wanadhani wanawapenda, kumbe wanawaua." Akachukua kopo, akasugua vidole juu ya maji.

Binti alisema anakwenda kunawa. Mama yake alimfuata jikoni, akamkuta ameegemea ukuta, kiganja mdomoni ili sauti isitoke.

"Lia," Mama Vifungo alimwambia, akimpangusa kwa pindo la gauni lake. "Lia uchungu wote uishe, halafu uje umsikilize. Anapenda sana mtu wa kumsikiliza."

Alikaa nao mpaka likizo ikaisha, na kila siku alitambulishwa kwa samaki upya. Siku ya kuondoka alimkumbatia baba yake kwa nguvu, na mzee, kwa kuwa alikuwa muungwana, alimpigapiga mgongoni na kumtakia safari njema. Alisimama mlangoni akampungia mpaka akapotea kwenye kona.

"Msichana mzuri yule," alisema. "Ana adabu. Ni mtoto wa nani?"

"Ni wetu," Mama Vifungo alisema.

"Wetu?" Sentimita aligeuka, macho yamemtoka. "Wetu sisi? Mimi na wewe?"

"Mimi na wewe."

Akaangua kicheko, akamshika mkewe mabega yote mawili, akatazama barabara iliyokuwa tupu, akamtazama tena, furaha imemjaa usoni kama mwanamume aliyeitwa sasa hivi kutoka barazani na kuambiwa amepata mtoto, na wote wawili, mama na mtoto, ni wazima.