Vitunguu vya Mama Mkwe

Mke wa Baridi alikuwa mpokezi kwenye kliniki ya macho, na ndiye aliyeanzisha ule mtindo. Wakati wa chai, kabla mtu hajagusa kikombe, ilibidi kwanza awaambie wenzake anasoma kitabu gani siku hizi. Si cha mtihani wala cha kazi, cha kujifurahisha tu. Daktari alikuwa anasoma hadithi za majambazi. Mfagizi alikuwa anasoma maisha ya bondia mmoja, na akifika kwenye pambano alisimama kuonyesha ngumi zilivyorushwa. Mtindo ukamnogea mpokezi mpaka akaupeleka nyumbani, kama mtu anavyopeleka mafua.

"Haya, tuambiane," alisema Jumapili moja, sahani zikiwa bado zinafuka mvuke. "Kila mtu anasoma nini?"

Mezani walikuwa watatu: yeye, mumewe, na mama yake mzazi, aliyekuja kukaa nao wakati paa la nyumba yake linabadilishwa. Mume alikuwa fundi wa mafriji. Watu walimwita Baridi kwa sababu ya kazi hiyo, na pia kwa sababu hakuwa mtu wa maneno. Mbele ya mama mkwe hata yale machache aliyokuwa nayo yalimkaukia. Mama mkwe naye alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na bado akikuita uje kula ulihisi umeitwa kizimbani. Mazungumzo yao ya kutwa nzima yalikuwa haya:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mafriji hayajambo?"

"Hayajambo mama."

Basi, mpaka kesho.

Sasa Baridi akameza tonge lililokuwa kubwa kuliko koo. "Mimi nasoma kitabu cha mota," akasema.

"Mota gani?"

"Zile zinazozunguka."

Mke akamgeukia mama yake. "Na wewe mama?"

"Kilimo cha vitunguu," alijibu mama mkwe bila kupepesa.

"Mama, wewe huna shamba."

"Ndiyo maana nasoma sasa. Nikishakuwa nalo nitapata wapi nafasi?"

"Haya. Umefika wapi?"

"Kwenye vitunguu."

Mpokezi akashusha pumzi. Wenzake wana majambazi na mabondia, yeye Mungu kampa mota na vitunguu. Hakujua kwamba wote wawili wanamdanganya, na kwamba wanamdanganya kuhusu kitabu kimoja.

Kitabu chenyewe kiliitwa *Chozi la Mpangaji*. Baridi alikipata kazini. Aliitwa kwa mteja ambaye friji yake ilikuwa inanguruma kama pikipiki mbovu, akakuta imeegemezwa juu ya kitabu ili isiyumbe. Alipomaliza kuitengeneza na kuisimamisha sawa, mteja akamwambia akitupe hicho kitabu. Mguu wa friji ulikuwa umechimba shimo kwenye jalada, na Baridi alikifungua ili aone tu shimo limeishia wapi. Lilikuwa limeishia sura ya tatu. Alisoma sura ya tatu, kisha akarudi kwenye ya kwanza, akisimama vilevile uani kwa watu, mpaka mteja akatoka kuuliza kama kuna kitu kingine kimeharibika.

Ilikuwa hadithi ya mapenzi, na ya mapenzi yenyewe, si ya kupakwa rangi. Mjane mmoja alipanga chumba kwenye nyumba ya mwanamume mpole mwenye masharubu. Bomba la chumba likavuja, mwenye nyumba akaja kulitengeneza, macho yakakutana. Baada ya hapo bomba likawa linavuja kila baada ya siku mbili, kwa sababu mjane alikuwa akililegeza mwenyewe kwa koleo. Baridi aligundua hila hiyo mapema, maana yeye ni fundi na bomba analijua. Lakini moyo ulimdunda vilevile.

Sasa mtu mzima, fundi, baba wa nyumba, atasema mbele ya mama mkwe kwamba anasoma mambo ya macho kukutana? Alikificha. Uani kulikuwa na kibanda cha vipuri, na ndani ya kibanda friji kuukuu isiyofanya kazi. Akakiweka humo, kwenye rafu ya mayai, na kipande cha waya wa shaba kikawa alama ya ukurasa aliofikia.

Siku ya tatu ya ugeni wake, mama mkwe aliingia kibandani kutafuta vibanio vya nguo. Akaiona friji, na mtu akiona friji huifungua hata kama ni ya wenyewe. Akakuta kitabu. Akageuza ndoo, akakaa juu yake, akasema atasoma ukurasa mmoja tu aone upuuzi wa vijana wa siku hizi. Tangu siku ile kazi ya kuanika nguo ilikuwa yake peke yake, na hakutaka msaada wa mtu. Zilianikwa nguo nyingi, na nyingine hata hazikuwa zimefuliwa.

Tatizo lilikuwa ule waya. Mama mkwe kila akimaliza alijaribu kuurudisha alipoukuta, lakini akili yake ilikuwa kwa mjane. Siku moja Baridi, aliyekuwa amefika sura ya nane, aliukuta waya kwenye sura ya kumi na moja. Akadhani alisoma akasahau. Kesho yake akaukuta kwenye sura ya saba, akaketi chini. Mtu anaweza kusahau alichokisoma, lakini hawezi kukisoma kinyumenyume.

Akamshuku mkewe. Asubuhi, wakinywa chai, akamkazia macho kisha akamtega.

"Bomba letu la jikoni," akasema polepole. "Halivuji kweli?"

"Halivuji," mkewe akasema.

"Una hakika hakuna mtu anayelilegeza?"

"Nani alegeze bomba, mume wangu? Umelala vizuri kweli?"

Mama mkwe akapaliwa na chai mpaka machozi yakamtoka. Baridi, ambaye asingethubutu kumpiga mgongoni mama mkwe hata kama nyumba inaungua, alimpa glasi ya maji kwa mikono miwili na hakushuku lolote. Lakini aliamua kitabu kisibaki tena kibandani. Akakitia kwenye boksi la vifaa, chini ya koleo na mipira ya milango ya friji, akaenda nacho kazini.

Mama mkwe alipokwenda kuanika alikuta rafu ya mayai tupu. Na alikuwa ameacha mahali pabaya: mjane yuko kwenye ngazi, amebeba sahani ya maandazi aliyompikia mwenye nyumba, na ndani ya chumba cha mwenye nyumba anasikia mwanamke anacheka. Sura ikaishia hapo. Alipekua friji yote, mpaka kule kwa kugandishia barafu. Akarudi ndani, akakaa, akasimama. Akajaribu kumenya viazi, akamenya mpaka kiazi kikabaki kama karanga. Hatimaye akaingia jikoni na kuitazama friji ya nyumba, iliyokuwa inafanya kazi yake bila kumkosea mtu. Akauvuta waya wake, akaurudisha ukutani nusunusu ili uonekane umechomekwa. Kisha akapiga simu.

"Baba, friji imekufa."

"Imekufaje mama?"

"Kimya kimya."

"Nitaitazama jioni mama, sasa hivi niko kwa mtu."

"Nyama haijui jioni," mama mkwe akasema. "Na uje na boksi la vifaa. Lote."

Baridi akaja mbio. Mama mkwe akampokea mlangoni, akalichukua boksi mwenyewe, akaliweka karibu na sinki.

"Angalia nyuma kabisa," akamwelekeza. "Sauti ilitokea nyuma."

"Si ulisema imekufa kimya, mama?"

"Kabla ya kufa ilisema kidogo."

Baridi akajibana kati ya friji na ukuta, tumbo ndani. Akauona waya unaning'inia kwenye soketi kama jino la mtoto. Akautazama. Hakuna friji inayojichomoa yenyewe. Mtu ameuvuta kusudi, ili fundi aje. Aliwahi kuisoma mahali hila ya namna hiyo, na alipokumbuka ni wapi, nywele zilimsimama. Wakati huohuo, upande wa sinki, akasikia karatasi inafunuliwa.

Akachungulia. Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya boksi lililo wazi, miwani kwenye ncha ya pua, *Chozi la Mpangaji* mkononi, midomo ikicheza.

Baridi alifikiria kubaki nyuma ya friji mpaka jioni. Alilifikiria jambo hilo kwa dhati kabisa. Lakini mkono wake, kwa mazoea ya kazi, ulikuwa umeshausukuma waya mahali pake, na friji ikatikisika, ikaanza kuimba. Mama mkwe akainua uso.

"Mama," Baridi akasema, kichwa kikiwa kimechomoza pembeni ya friji.

"Baba."

"Hivyo ndivyo vitunguu?"

"Na hii ndiyo mota?"

Mama mkwe akakisogeza kitabu kifuani. "Niambie kitu kimoja tu. Yule mwanamke anayecheka chumbani ni nani?"

"Ni dada yake."

"Dada yake wa damu?"

"Wa damu, mama. Baba mmoja, mama mmoja."

Mama mkwe akavuta kigoda, akakaa. "Asante baba. Mimi tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni." Alipopata nguvu akaongeza, "Hata hivyo simwamini. Wenye masharubu kama yale nimewaona wengi kizimbani."

"Unamwonea mama," Baridi akasema, na yeye mwenyewe akashangaa kujisikia. "Yule ni mpole tu, kuongea hajui. Si kila asiyeongea ana lake jambo."

Mama mkwe akavua miwani. "Kumbe. Mimi nilidhani unanyamaza kwa sababu unangoja niondoke."

"Nanyamaza kwa sababu naogopa, mama. Nilidhani wewe ndiye unangoja kuondoka."

"Paa lilikwisha wiki iliyopita," mama mkwe akasema. "Nimekaa kwa ajili ya huyu mjane."

Tangu siku ile Baridi alirudi nyumbani kila mchana. Walisoma kwa sauti, mama mkwe akiwa mjane na Baridi akiwa mwenye nyumba, kisha Baridi akarudi kazini. Mbele ya mpokezi hawakusema kitu, maana waliona haya kukiri kwamba walidanganya mezani, lakini kunyamaza kabisa kuliwashinda.

"Vitunguu vinaendeleaje, mama?" Baridi aliuliza wakila jioni.

"Vinanyauka baba. Mota imesafiri bila kuaga."

"Itarudi. Mota ile ina moyo."

"Kama ina moyo mbona haikuandika hata barua?"

"Iliandika mama. Barua imefichwa na yule shangazi."

Mpokezi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kijiko kikiwa hewani. Kazini aliwaambia wenzake kwamba mume wake na mama yake wana mpango wa shamba la kumwagilia na wanamficha. Daktari akasema mambo ya shamba hugawanya familia, awe macho. Daktari wa macho akikwambia uwe macho, unasikia.

Akaomba ruhusa, akarudi nyumbani mchana bila kusema. Alipofika mlangoni akasikia sauti ya mama yake, kali, ile ya mahakamani.

"Toka. Toka hapa, na kuanzia leo sitaki kuiona sura yako."

Ikafuata sauti ya mumewe, inatetemeka. "Nitatoka. Lakini moyo wangu nauacha hapa kizingitini, uukanyage kila asubuhi ukitoka kuchota maji."

Katika miaka yote ya ndoa mpokezi hakuwahi kumsikia mumewe akitoa sentensi ndefu namna ile. Akajua mambo yameharibika. Akausukuma mlango, mkoba begani.

"Mama, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenizaa. Lakini huyu ni mume wangu na hapa ni kwake. Kama kuna mtu wa kutoka..."

Akaishia hapo. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya sebule, amejitanda kitambaa cha meza. Mumewe alikuwa amepiga goti moja mbele ya kochi, na juu ya mdomo alikuwa amejibandika utepe mweusi wa umeme.

"Ni nini hicho mdomoni?" mpokezi akauliza.

"Masharubu," Baridi akasema.

"Na shamba?"

"Shamba gani?" wakauliza wote wawili.

"La vitunguu."

"Kimya," mama mkwe akasema, na kweli nyumba nzima ikanyamaza, hata bomba. "Zimebaki kurasa nane. Utakaa au utatoka?"

Mpokezi akakaa, viatu miguuni. Hakuelewa mjane ni nani wala shangazi alificha barua gani, lakini mwenye nyumba aliporudi kwenye mvua akakuta chumba kitupu na bomba linadondosha matone taratibu, alijikuta ameushika mkono wa mama yake. Mjane alikuwa jikoni tu. Wakaoana. Baridi akafunika kitabu na kubandua utepe, na machozi yakamtoka mfululizo. Hakuna aliyemuuliza ni ya utepe au ya nini.

Mama mkwe aliondoka wiki ile. Nyumba ikawa pweke, na Baridi alikuwa akiingia kibandani bila sababu na kutoka bila kitu. Kisha Jumamosi moja simu ikalia, mpokezi akaipokea.

"Mama, shikamoo. Habari za paa?"

"Paa liko juu. Mumeo yupo?"

"Yupo. Kuna nini?"

"Nimepata kitabu cha rubani na muuguzi. Nimenunua viwili, kimoja nimemtumia, jana alitakiwa awe amefika sura ya nne."

"Mama, hata hali yangu huniulizi?"

"Wewe uko mzima, nakusikia unavyopumua," mama mkwe akasema. "Mpe simu mwenzangu, kuna mtu ameruka na mwavuli kutoka kwenye ndege na mimi siwezi kungoja."