Chumba cha Upande wa Reli

Hasidi hana sababu, wanasema. Lakini Mwanne alikuwa nayo. Asmahani, mke wa shemeji yake, alihamia ghorofa ya juu kabisa karibu na stesheni ya Tabora, halafu akaanza kumtaka mama mkwe wao akakae kwake, Bi Siwema, ambaye tangu afiwe na mumewe aliishi na Mwanne kule Isevya.

Siku alipoitwa kuiona nyumba, Mwanne alivua kandambili mlangoni, na roho ikamuuma palepale. Dari ya jipsamu yenye taa za kujificha. Mapazia rangi ya maziwa, yanafagia sakafu. Jiko lina makabati, sufuria hata moja haionekani. Kwake Isevya popo walitembea darini kama wenye nyumba.

"Pamependeza, mdogo wangu," alisema, na meno yakacheka peke yao.

"Bado chumba cha mama. Vipo viwili, dada. Cha mbele kimetulia, cha nyuma kinatazama reli. Wewe ndiye unayemjua. Nimpe kipi?"

Alimjua, ndiyo. Mama hakuwa na usingizi. Alijigeuza mpaka alfajiri, paka akikohoa yuko macho. Treni za mizigo zingemrudisha Isevya mbio.

"Cha nyuma," Mwanne alisema. "Kina upepo. Ukutani paka rangi ya bluu, anaipenda."

Hilo la bluu lilikuwa kweli.

Mama alihamia kwa majaribio. Wiki ilipoisha Mwanne alikwenda kumchukua, na khanga mpya mkononi, ngazi zote akazipanda bila kupumzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Siwema alikuwa kitandani, uso umenawiri. "Kumbe ni wewe uliyenichagulia chumba! Mungu akuzidishie. Mimi nimezaliwa Tura, kwenye nyumba za reli, baba alikuwa mshika bendera. Treni ikipita ndio najua mambo yako sawa, nalala. Kwako palikuwa kimya mno. Nilikuwa nakesha."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza."

Nje treni ya mizigo ilianza kuvuta, vioo vikatetemeka. Bi Siwema aliegemea mto, akasinzia kabla behewa la mwisho halijapita. Mwanne alibaki na khanga yake mapajani, katikati ya kuta za bluu alizozichagua mwenyewe.