Kofia za Kamba Kidevuni

Mimi nikiona jambo sharti niulize. Hata mume wangu amenikatia tamaa. Kwa hiyo nilipomkuta Apoline akifuma kamba za kufunga kidevuni kwenye kofia za wanaume wazima, nilimuuliza kulikoni.

Kina mama wa kanisa la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wamezoea kufuma kofia za vichanga wa zahanati, na kichanga asipofungwa kidevuni kofia haikai. Safari hii kofia zilikuwa za mabaharia. Mchungaji Bazilio, anayewahudumia mabaharia bandarini Dar es Salaam, alituomba arobaini, maana wengi hupita bahari za baridi na wakifika hawaruhusiwi hata kushuka nchi kavu. Mimi ndiye hupeleka nyuzi kambini kutoka Kasulu. Nilipowaambia kina mama wakate kamba walizozifuma kwa mazoea, walikata huku wakichekana. Apoline akagoma.

"Mwana wangu Serge anatumika kazi ku bato, Mama Deborah," akasema. "Telefone yangu iliibiwa, na namba yake ndani. Mwaka wa pili sasa hajue niko wapi. Kofia yake ya utoto ilikuwa na kamba hivi, na mafundo matatu ku mwisho. Akiona, atajua ni miye."

"Meli yake inaitwaje?"

"Sijue."

Nilimpigia Mchungaji kumuulizia kijana huyo. Akanijibu kwa upole kwamba meli ni nyingi mno.

Nyumbani nikafungua mzigo, nikashika mkasi. Kofia kumi za Apoline zilinitia aibu. Lakini nikauweka mkasi chini, nikautuma mzigo Dar es Salaam ulivyo, na nisijisingizie imani: nilitaka tu kuona itakuwaje.

Miezi minne ikapita. Mchungaji akapiga simu akicheka. Mabaharia waligombea kofia za kamba, kwa sababu upepo hauzing'oi kichwani. Wakapiga picha, wakatumiana meli kwa meli. Sasa kuna kijana yuko Durban, anauliza nani amefunga mafundo yale matatu.

Nilifika kambini mbio, viatu vyote tope. Nikapiga namba niliyopewa, nikampa Apoline simu. Hakusalimia.

"Serge," akasema. "Unasikia baridi?"

Nilitamani kusikia jibu kuliko kitu chochote duniani. Nikatoka nje, nikafunga mlango. Mpaka leo sijui walizungumza nini, na sijauliza.