Tepe za Mwavuli wa Jaji

Mwavuli mwekundu wa hariri ulisimamishwa mbele ya ukumbi wa wafanyabiashara. Tepe zilining'inia pembeni, kila moja na majina ya watu wa mtaa yaliyodariziwa. Hong Kong, afisa anayeondoka akiwa ametenda haki hupewa mwavuli kama huo. Jaji Thurlby alianza na kesi ndogondogo visiwa vya mbali, akapandishwa cheo hapa, na sasa anakwenda koloni jingine kuwa Jaji Mkuu.

Mama Fuk-sing, mshonaji, alijua kusoma herufi tatu tu za Kichina: jina la mwanawe, alilojifunza juu ya jiwe la kaburi. Akaliona kwenye tepe.

"Mzee Yau, mwanangu anafanya nini pale?"

Mzee Yau, mkuu wa wafanyabiashara, akamsogelea. "Taratibu, Mama Fuk-sing. Majina hayakutosha. Tukaandika mtaa mzima."

"Jaji huyu ndiye aliyemnyonga!"

"Maiti atadhurika nini? Na mzungu mwenyewe hasomi Kichina."

"Mimi nasoma."

Fuk-sing, mpagazi wa bandarini, alisingiziwa kuua askari siku ya mgomo. Saa ile alikuwa amembeba mamake mgongoni kumpeleka kwa mganga. Mganga alikuja mahakamani, akangoja nje, hakuitwa. Kesi ilianza jaji ameshiba kifungua kinywa, ikaisha kabla hajasikia njaa.

Mkasi wa Mama Fuk-sing ulikuwa kiunoni kama siku zote. Alipita katikati ya waheshimiwa, akaikata ile tepe.

Jaji, akidhani ndiyo desturi, alitabasamu na kunyoosha mkono apokee.

Mama Fuk-sing akaikumbatia tepe kifuani. "Mwambie," alimwambia mkalimani aliyekuwa kando ya jaji, "mwanangu alishamchukua. Jina lake hapati."

Mkalimani akasema neno kwa Kiingereza. Jaji akainamisha kichwa kwa adabu.

"Amemwambia unamtakia safari njema," alisema mpishi mmoja wa wazungu, akicheka puani.

"Mwongo we! Sema nilivyosema!"

Mzee Yau akamshika mama mkono. "Yatosha sasa, unatuaibisha."

"Aibu mmeidarizi wenyewe."

Nyuma yake mwanamke akajipenyeza. Alikuwa muuza samaki, ambaye mumewe alikufa gerezani. Hakumtazama jaji wala Mzee Yau. Alikuwa akitafuta kwenye tepe, moja baada ya moja.

"Dada," akasema, "hebu nipe huo mkasi."