Neno la Kuteremkia Pugu

Jumamosi, tarehe 15 Novemba 1997. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi ile pale Tabata ilikuwa imepungua tu, haikukatika. Maji ya uani yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Twalib, aliyekuja kununua redio, alisimama barazani kwangu, suruali kaikunja mpaka magotini, akiitazama redio koli ya marehemu mume wangu ndani ya boksi.

"Iwashe kwanza niisikie, Bi Mwanakombo. Nisije nikabeba bati."

Nikaiunganisha na betri, nikaiwasha. Sauti ilitoka kabla sijaondoa kidole kwenye swichi.

"Mama Tabata, mie Badru. Nakuita tangu alfajiri. Niko juu ya mteremko wa Pugu, nasubiri neno lako."

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipofariki, wenzake hawakuacha kuita. Kabla ya kuteremka Pugu husema, "Mama, nateremka," nami hujibu, "Teremka, Mungu yuko mbele yako." Kisha namwombea kila mmoja kwa jina lake mpaka aseme amefika chini. Hakuna aliyeteremka kabla ya kujibiwa. Hatukuliandika popote, lilikuwa hivyo tu.

Nilipofika miaka arobaini na tatu nikaingia darasa la jioni la Mwalimu Audax. Alifundisha redio ya ridhaa, ile ya mtihani na leseni, inayopeleka sauti ya mtu ng'ambo ya bahari, hata Japani. Nilijifunza hesabu za umeme nilizozikosa utotoni, na alama za Morse nilizigonga kwa kijiko juu ya sufuria mpaka wali ukaungua. Lakini mwalimu hakuipenda redio koli.

"Ile ni ya soga, mama. Inakuharibia mkono na ulimi. Chagua moja."

Nikaswali istikhara siku tatu, kumwomba Mungu anichagulie. Siku ya nne, Ijumaa, niliamka na moyo mwepesi, nikasema jibu limekuja. Jioni nikaifunga redio kwenye boksi. Madereva walijua habari za mtihani, lakini kuuza redio sikuwaambia. Niliona haya kuwaaga.

"Badru, uko sehemu gani hasa?" nikamuuliza.

"Nimeegesha pembeni nipishe wengine. Sasa hiyo pembeni yenyewe inaondoka, Mama. Lori limelalia korongo. Mlango wa barabarani umekwama, na nikihama kiti linatikisika."

Ilikuwa saa moja na nusu. Mtihani ulikuwa saa tatu, mjini, na hufanywa mara moja kwa mwaka. Nikaita: nani yuko karibu na Pugu?

"Lusungu hapa, Gongo la Mboto, na lori la mchanga. Mnyororo ninao. Nakuja, ila barabara ni tope tupu."

Badru akakohoa. "Mama, si leo ndio mtihani? Nenda bwana, Wajapani wako wanakusubiri."

"Nyamaza, usinichekeshe. Ukicheka linatikisika."

Tukawa tunasoma dua pamoja, neno kwa neno, polepole. Kila akisita, nalirudia neno. Saa mbili kasoro robo Twalib akainama sikioni kwangu.

"Ukitoka sasa unawahi. Mie nitakaa na redio."

Nililitazama daftari langu juu ya meza, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Kalamu mbili, moja ya akiba. Nikawaza miezi minane ya jioni. Kisha Badru akasema, "Mama, bado upo?"

"Nipo."

Sikumtazama tena Twalib.

Saa tatu ilipokaribia Lusungu alifika, akasema tusizungumze mpaka wafunge mnyororo. Redio ikabaki na mkwaruzo wake. Mvua ilirudi juu ya bati. Twalib alikuwa ameushika mguu wa meza kana kwamba ndio lori.

"Mama." Ilikuwa redio ya Lusungu, lakini sauti ya Badru. "Lori limekwenda korongoni. Mie nimebaki."

Alasiri walikuja wote wawili, tope mpaka nyusi. Mwalimu Audax naye akaja na mwavuli, kuuliza kwa nini kiti changu kilikuwa kitupu. Twalib ndiye aliyemsimulia. Boksi lilikuwa bado wazi katikati yetu.

"Mama," Badru akauliza, "ilikuwaje ukanyamaza?"

"Niliizima. Nilikuwa naiuza. Nikaona haya kuwaaga."

Akatazama viganja vyake. "Mie nikajua uko kwenye swala ndefu."

Mpaka leo sijui ule wepesi wa moyo ulikuwa jibu, au wepesi wa mtu aliyetua mzigo njiani na kuuacha hapo. Siku ile sikungoja kujua. Nilisimama.

"Twalib, uwe shahidi. Lusungu, uwe shahidi. Mwalimu, Jumatatu nitakuja darasani. Ukinikataa, nitajisomea, na mwakani nitafanya mtihani. Redio hii inabaki. Na siku nitakayoizima, Badru, nitawaita kwanza mmoja mmoja, niwaage."